Mzee Anaposema Anasikia Vizuri

Hotuba kwa wastaafu na jamaa zao, Kisumu, mwezi wa Machi

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa dini mliotufungulia kwa sala, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliowaleta wazazi wenu na mkakubali kuketi nao badala ya kuwasubiri nje: nawashukuru kwa mwaliko huu. Tarehe 3 Machi kila mwaka Shirika la Afya Duniani huadhimisha Siku ya Usikivu Duniani, na kwa kuwa mwezi ndio huu, niliombwa nije nizungumzie magonjwa ya masikio. Nimeomba ruhusa niipunguze mada hiyo, kwa sababu magonjwa ya masikio hayamaliziki kwa saa moja, na mengi kati yake mtayaelezwa vizuri zaidi na mhudumu atakayekuwa anawatazama mmoja mmoja. Nitalishughulikia jambo moja tu: kwa nini mtu mwenye umri mkubwa, ambaye nyumba nzima inaona kwamba usikivu wake umepungua, yeye mwenyewe husema anasikia vizuri, na husema hivyo kwa moyo mweupe.

Nausisitiza huo moyo mweupe. Katika kazi yangu ya kutibu masikio, anayeleta malalamiko mara nyingi si mgonjwa. Ni binti, mkaza mwana, au mke. Yeye ndiye anayeeleza kwamba redio imepandishwa hadi majirani wanajua taarifa ya habari ya saa ngapi inasomwa, kwamba mzee akiitwa mara tatu aje kula haitikii. Mzee ameketi kando, ametulia, na nikimgeukia huniambia kwamba hawa watoto wanamzeesha. Jamaa hukunja nyuso, kwa kuwa wameshaamua kwamba ni kiburi au ni ukaidi. Maoni yangu ni kwamba kiburi kipo kwa wachache. Wengi wanaeleza kwa uaminifu kile wanachokihisi, na kile wanachokihisi kimeundwa na mambo kadhaa, mengine yakiwa ndani ya sikio, mengine ndani ya nyumba, mengine katika desturi zetu, na mengine, lazima niseme, katika namna sisi wahudumu wa afya tunavyouliza.

Tuanze na sikio lenyewe. Ndani kabisa, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu vidogo, kuna mrija uliojikunja uitwao koklea, na ndani yake zimo seli zenye vinywele ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Mtu huzaliwa na takriban seli 15,000 za aina hiyo katika kila sikio, na zikifa hazioti tena. Zile zinazopokea sauti nyembamba zimepangwa mlangoni mwa mrija, na ndizo zinazochakaa kwanza. Zile za sauti nzito ziko ndani zaidi, nazo hudumu. Kwa hivyo uzee hauzimi sauti zote kwa pamoja. Huondoa kwanza mlio wa nyenje usiku, simu inayolia chumba cha pili, sauti ya mtoto mdogo, na katika maneno huondoa konsonanti hafifu kama s, f, sh, t na k. Irabu, ambazo zina nguvu, hubaki.

Sasa kifikirieni Kiswahili, ambacho karibu kila silabi yake huishia kwa irabu. Mtu aliyepoteza konsonanti hizo akiambiwa na mjukuu wake kwamba taa imeanguka, hupata mdundo wote wa sentensi, hupata kiimbo, hupata ile aa ndefu. Asichokipata ni kama kilichoanguka ni taa, ni saa, au ni paa. Sauti imemfikia, tena kwa nguvu, kwa hivyo akiulizwa kama amesikia, jibu la haki kwake ni ndiyo. Anachokiona yeye ni kwamba mjukuu hatamki sawasawa. Nyanya wanaolea wajukuu ndio wanaonilalamikia zaidi kuhusu jambo hili, na ni rahisi kuelewa sababu, kwa maana sauti za watoto ni nyembamba kuliko za watu wazima na ndizo zinazopotea mapema. Lakini hawaji wakisema masikio yamedhoofu. Huja wakisema watoto wa siku hizi wanaongea ndani ya mdomo.

Halafu kuna mwendo wa polepole. Pazia la dirishani likipauka kwa jua mwaka baada ya mwaka, wenye nyumba hawaoni. Anayeona ni fundi anayeleta kipande kipya cha kitambaa kile kile na kukiweka kando yake. Sikio halina kipande kipya cha kuwekwa kando. Mtu hana kumbukumbu ya jinsi chumba chake kilivyosikika miaka 20 iliyopita, kwa hivyo hana cha kulinganisha nacho. Macho yana nafuu katika hili, kwa kuwa ukishindwa kuusoma ujumbe wa M-Pesa, ujumbe wenyewe unabaki pale pale kwenye simu. Unaisogeza mbali, unaileta karibu, na mwishowe unakubali kwamba tatizo liko kwako kwa sababu herufi hazijabadilika. Neno lililosemwa halibaki hewani likisubiri ulikague. Limepita, na aliyelisema ndiye mshukiwa wa kwanza.

Kuna jambo jingine la sikio ambalo huwachanganya sana jamaa, nami nitalieleza kwa makini kwa sababu limevuruga amani katika nyumba nyingi. Seli hizi zikiharibika, nafasi kati ya sauti ndogo kabisa ambayo mtu anaweza kuipata na sauti kubwa inayomuudhi huwa nyembamba. Sauti ya kawaida haimfikii. Ukiipandisha kidogo bado haimfikii. Ukiipandisha tena kidogo tu, ghafla inamchoma. Ndiyo maana mama anasema "sikupati," binti anapaza sauti, na mama huyo huyo anang'aka: "Mbona unanifokea? Mimi si kiziwi!" Binti anaondoka akisema kwamba mama anamfanyia makusudi. Ukimsikiliza mama kwa upande wake, ana ushahidi wa kutosha kwamba masikio yake ni makali: kelele zinamuudhi kuliko zinavyowaudhi wengine. Ukimwambia wakati huo kwamba usikivu wake umepungua, unamwambia jambo linalopingana na kile anachokihisi mwilini mwake.

Wengi wenu hapa mlifanya kazi katika karakana za reli, kwenye mitambo ya kufuma nguo, kwenye vinu vya miwa vya ukanda unaoanzia Miwani hadi Muhoroni, au kwenye vibanda vya kugonga mabati vya jua kali. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini zilitolewa mwaka 2005, na zinasema mfanyakazi asiwekwe kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane katika siku nzima ya saa 24. Mliostaafu kabla ya hapo mlifanya kazi wakati ambapo kuizoea kelele kulichukuliwa kuwa ukomavu, na mfanyakazi mpya aliyeziba masikio kwa pamba alichekwa. Kelele ya aina hiyo hula kwanza sehemu ya usikivu iliyo karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti, na nambari ikipanda sauti huwa nyembamba zaidi), na huanza kuila mtu akiwa bado kijana. Kwa hivyo aliyestaafu kiwandani huingia uzeeni akiwa na kipimo cha kawaida ambacho kilikwisha kupungua zamani, tena wenzake aliofanya nao kazi na anaozungumza nao sasa wako vivyo hivyo, na wote hupaza sauti pamoja bila yeyote kuona ajabu.

Mzee mmoja wa namna hiyo aliletwa na mwanawe. Nilimvalisha hedifoni, nikampa kitufe, nikamwomba abonyeze kila anapopata mlio, hata ukiwa mdogo kiasi gani. Kwenye hezi 250 na 500 kidole chake hakikukosea, na baada ya kila mlio alimgeukia mwanawe kwa tabasamu la mtu anayeshinda kesi. Nilipofika 4,000 nikaanza kupandisha: desibeli 40, 50, 60. Kidole kilikaa juu ya kitufe kimetulia, macho yakinitazama kwa subira. Kwenye 70 mwanawe, aliyekuwa ameketi ubavuni, aliusikia mlio ukivuja pembeni mwa hedifoni, akanyanyua uso. Mzee bado alikuwa anasubiri. Nilipomvua hedifoni aliniambia kwa upole, bila hasira yoyote, kwamba mashine yangu ilikatika katikati ya kazi na kwamba nimwite fundi aitazame. Hakuwa akificha chochote. Kile ambacho hakikumfikia hakikuacha pengo ambalo angeweza kulionyesha kwa kidole.

Hayo ni ya sikio. Yaliyo nje ya sikio ni mengi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama mtu atakuja kupimwa au atakaa nyumbani.

Sisi wa huku tunaishi katika lugha tatu, na wengine zaidi. Nyumbani ni Kijaluo, Kiluhya, Kikisii au Kinandi. Sokoni Kibuye na kwenye matatu ni Kiswahili. Hospitalini na mbele ya karani ni Kiingereza kilichochanganywa na vyote viwili. Lugha aliyozaliwa nayo mtu humsaidia kujaza mapengo, kwa kuwa anajua neno gani linafaa kufuata hata asipolipata lote. Lugha aliyojifunza baadaye haimpi msaada huo kwa kiwango kile kile, na kelele ikiwepo humwangusha mapema. Kwa hivyo mzee hupata kila kitu akiwa nyumbani na hupotea akiwa mjini, na maelezo yanayomjia kwanza ni ya lugha: Kiswahili cha vijana kimejaa Sheng, karani anaongea Kiingereza cha puani. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo sababu ni magumu kuyang'oa.

Kisha kuna heshima, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu sitaki nionekane naikosoa. Katika desturi zetu mkubwa hasukumwi ajibu upesi. Mzee akikaa kimya, kimya chake huchukuliwa kuwa cha kutafakari. Akijibu jambo ambalo hakuulizwa, watu hutafuta hekima iliyofichwa ndani ya jibu. Na akimwita mtoto, mtoto husogea karibu, husimama mbele yake na kusema naye ana kwa ana, jambo ambalo ndilo hasa tungemshauri mtu afanye mbele ya mwenye usikivu hafifu. Mke aliyeishi na mumewe miaka 40 ameshapandisha sauti yake kidogo kidogo bila kujua, ameshazoea kumgusa begani kabla ya kusema, na kwenye mikutano hurudia kimya kimya sikioni mwa mumewe yale yanayosemwa mbele. Nyumba nzima imekuwa kifaa cha kusaidia kusikia, na mvaaji hajui kwamba amekivaa. Nimewaona wanaume ambao uziwi wao ulionekana kuanza siku walipofiwa na wake zao. Familia husema ni majonzi yamemziba masikio. Majonzi yapo, lakini grafu ya kipimo cha masikio yake huonyesha upungufu wa miaka mingi, ambao mke alikuwa anaufidia kila siku.

Heshima hiyo hiyo inaweka bei juu ya kukiri. Anayesimama kwenye kesi ya mpaka wa shamba, anayepokea wageni wa ayie, yaani wanaokuja kwa mambo ya mahari, anayetunza fedha za chama, yote hayo hutegemea watu waamini kwamba amelisikia kila neno. Ikijulikana kwamba masikio yake hayana uhakika, mwingine mdogo kwake atakaa kwenye kiti hicho, na hatarudishiwa. Uziwi, kwa bahati mbaya, bado unachanganywa na upungufu wa akili katika mazungumzo ya kawaida mitaani. Mtu anayejua kwamba kukiri kutamgharimu namna hiyo hahitaji kudanganya. Inatosha kutolichunguza jambo kwa karibu. Nasema hivyo kwa wanawake pia, ingawa kwao kiti kinachopotea mara nyingi ni cha chama au cha kanisani.

Jamaa nao wana neno lao: "Anasikia anachotaka." Nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nalisubiri. Ushahidi wao ni kwamba mkizungumza habari za fedha kwa sauti ya chini, mzee hugeuka. Tazameni lakini hali yenyewe ilivyokuwa: chumba kilikuwa kimya, waliokuwa wakiongea ni wawili, mada aliijua tangu jana, na jina lake lilitajwa. Mazingira kama hayo humwezesha hata mwenye upungufu wa wastani kupata neno. Mpeleke kwenye matanga, vipaza sauti vikivuma, mvua ikipiga bati, watu kumi wakizungumza kwa pamoja, halafu mmwambie jambo lile lile. Kwamba alipata la kwanza na hakupata la pili hakuthibitishi hila. Lakini yeye mwenyewe pia hulitumia lile la kwanza kuwa hoja yake: kama nilisikia jana, leo nimekuwaje?

Watu wawili wenye grafu zinazolingana wanaweza kuja kwangu na habari tofauti kabisa. Mkulima wa Nyakach anayeshinda shambani na kuzungumza jioni na watu wawili anaowajua anaweza kufikisha kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita upungufu wa wastani, yaani desibeli 35 hadi chini ya 50 kwenye sikio lililo bora, na asione dosari yoyote maishani mwake. Mwalimu aliyestaafu ambaye sasa ni katibu wa kamati mbili na mwanakwaya huja akiwa na upungufu mdogo tu, desibeli 25 au hata 20, akiwa amekonda kwa wasiwasi. Hakuna aliyekosea kati yao. Ukubwa wa shida anayoihisi mtu hutegemea kile ambacho maisha yake yanamdai akisikie, na mashine yangu haipimi madai hayo.

Umri wenyewe huathiri jibu, na si kwa namna ambayo ungetarajia. Huko Beaver Dam, mji wa Wisconsin nchini Marekani, watafiti waliwapima usikivu watu wazima zaidi ya 3,700 kati ya mwaka 1993 na 1995, wakawauliza pia jinsi wanavyoiona hali yao. Walipolinganisha watu wenye upungufu sawa, wale wenye umri mkubwa zaidi ndio walioripoti shida ndogo zaidi. Nalielewa jambo hilo ninapowasikiliza wazee wetu. Mtu wa miaka 50 hujilinganisha na wa miaka 30 na kuona amepungukiwa. Mtu wa miaka 80 hujilinganisha na wenzake waliobaki, na kuona kwamba yeye angalau bado anatembea mwenyewe. Amekwisha kuliweka sikio kwenye fungu la mambo ya uzee, pamoja na mvi na magoti, na jambo likiwekwa kwenye fungu hilo haliitwi tena shida. Ongezeni kwamba sikio la uzeeni haliumi. Mwenye sukari, presha na mgongo ana foleni ya kutosha, naye hawezi kutumia nauli ya matatu kwa kiungo kisichomnyima usingizi.

Matumaini nayo yana sehemu yake, na ni sehemu ambayo wenye mipango ya afya huisahau. Mtu haoni haraka shida ambayo anaamini haina dawa. Vifaa vya kusaidia kusikia hapa nchini kwa kawaida hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, ilhali mwenye umri wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kati ya watu ambao wangefaidika na vifaa hivyo ulimwenguni, wanaovitumia ni asilimia 17 pekee. Na katika mitaa yetu kila mtu anamjua mmoja aliyenunua kifaa kikapiga mluzi, kikamchosha kwa vishindo vya sahani na ndala, kikaishia ndani ya droo. Mara nyingi hakuelezwa kwamba ubongo uliozoea ukimya wa miaka mingi huhitaji wiki kadhaa za kujifunza upya, wala hakurudi kurekebishiwa. Hadithi ya droo hiyo husafiri kutoka Kondele hadi Ahero kwa siku moja, na wanaoisikia hujiambia kwamba bora kukaa na masikio yao kama yalivyo. Kutoka hapo kuna hatua ndogo tu hadi kusema hayana neno.

Sasa nifike kwa upande wetu sisi tunaouliza. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi kuwa takriban milioni 2.7. Sensa hiyo hiyo iliuliza kuhusu ugumu wa kusikia, na waliohesabiwa kuwa na ulemavu wa kusikia, wa umri wote kuanzia miaka mitano, walikuwa takriban 153,000. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linakadiria kwamba duniani kote zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu unaohitaji msaada. Robo ya milioni 2.7 ni watu 675,000. Nakubali kwamba makadirio ya dunia si kipimo cha Kenya, na kwamba sensa iliwahesabu tu wale waliosema wana ugumu mkubwa au hawasikii kabisa. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuachwa bila kuulizwa, na sababu mojawapo iko wazi: hesabu moja imetokana na vipimo, na nyingine imetokana na swali, tena swali ambalo mara nyingi hujibiwa na mtu mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Yote niliyoyataja tangu nianze kuzungumza yamo ndani ya jibu hilo. Kaunti inayopanga idadi ya wahudumu wa masikio kwa kutegemea majibu ya namna hiyo itaajiri wachache, na wachache hao watapima wachache.

Kuuliza vizuri kunawezekana. Mwaka 1982 Ira Ventry na Barbara Weinstein wa Marekani walitunga orodha ya maswali 25 kwa ajili ya wazee, na baadaye ikafupishwa kuwa maswali 10. Haiulizi kama unasikia. Inauliza kama usikivu wako umewahi kukufanya uone haya mbele ya watu usiowajua, kama umewahi kukosana na jamaa kwa sababu yake, kama umepunguza kwenda ibadani, kama unapata shida ukiwa na jamaa mkahawani. Ndiyo hupewa alama 4, mara nyingine alama 2, hapana sifuri. Jumla ya juu kabisa ni 40, na anayepita 8 hushauriwa apimwe. Mimi nikiitumia huku, swali la mkahawa naligeuza kuwa la matanga au la harambee, maana wagonjwa wangu wengi hawali mkahawani. Mtu aliyeniapia kwamba masikio yake hayana tatizo hujibu maswali hayo bila kusita, na alama hufika 18 au 20 kabla hajatambua tunaelekea wapi.

Nyumbani pia mnaweza kuuliza hivyo. Msiulize "unasikia?" Ulizeni ni lini mara ya mwisho baba alifuata mahubiri hadi mwisho, ni nani siku hizi anapokea simu yake, kwa nini ameacha kwenda kwenye mikutano ya chifu. Aulizwe yeye kwanza, halafu mke au binti, naye akiwepo. Akisemewa kabla hajasema, hatasema tena. Wala jambo hili lisianzishwe katikati ya ugomvi wa redio.

Nina ombi moja kwa vijana kabla sijakaa. Mzazi akianza kujibu kombo, akianza kurudia maswali, msikimbilie kusema amesahau au akili zimeanza kumtoka. Maswali mengi ya kupima kumbukumbu huulizwa kwa mdomo, na asiyeyapata hawezi kuyajibu. Ni kweli pia kwamba mambo haya mawili yanahusiana: jopo la jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, liliuweka upungufu wa usikivu miongoni mwa vihatarishi 14 vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu vinavyoweza kupunguzwa, na likakadiria kwamba asilimia 7 ya visa duniani vingeweza kuzuilika iwapo upungufu huo ungeondolewa. Ndiyo sababu kubwa ya kupima sikio kwanza.

Upimaji utaanza chumba cha nyuma tutakapomaliza chai. Kila mmoja aingie na mtu anayeishi naye, si jirani aliyekutana naye mlangoni. Leteni dawa mnazotumia au majina yake, hasa kama mliwahi kudungwa sindano za kifua kikuu au za gentamisini, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hudhuru sikio. Na mseme kama mna sukari. Tutatazama nta kwanza, maana kuna watakaotoka humo wakisikia tofauti kwa sababu tu sikio limesafishwa, kwa hivyo naomba sana asiyefika zamu yake asijisaidie kwa unyoya wa kuku au njiti ya kiberiti. Baada ya hapo ni maswali kumi, kisha hedifoni na kitufe. Aliyevaa hedifoni asisemeshwe wala asiashiriwe na aliyemleta, hata mlio ukimpita.